Je, wajua kwa nini mpiga kura wa Ireland ya Kaskazini huandika namba badala ya kuweka tiki?

Mpiga kura wa Ireland ya Kaskazini akiingia kituoni kuchagua madiwani, anakuta karatasi yenye safu ndefu ya wagombea waliopangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Anaandika 1 mbele ya yule anayempenda kuliko wote, 2 kwa anayemfuata, kisha 3, 4, na kuendelea mpaka aone inatosha. Akiishia kwenye 1 peke yake, kura yake bado ni halali. Kila eneo la uchaguzi hutoa madiwani watano, sita au saba kwa mpigo.

Tanzania na Kenya tulirithi utaratibu wa Waingereza: kata moja, diwani mmoja, mwenye kura nyingi ameshinda hata kama zaidi ya nusu ya wapiga kura walimtaka mtu mwingine. Sasa kwa nini London, iliyotuachia utaratibu huo, iliamua kwamba haufai kwa halmashauri za Ireland ya Kaskazini, sehemu ya ufalme wake yenyewe?

Jibu linapatikana Derry, mji ambao wakazi wengine huuita Londonderry.

Siasa za Ireland ya Kaskazini zimegawanyika pande mbili kwa muda mrefu. Wapo wanaotaka kubaki ndani ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na wapo wanaotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, wengi wao Wakatoliki. Mwaka 1920, kisiwa kizima kikiwa bado chini ya Uingereza, uchaguzi wa halmashauri ulifanywa kwa namba. Derry, mji wenye Wakatoliki wengi, ukapata meya Mkatoliki, Hugh O'Doherty. Ireland ilipogawanywa, bunge jipya la Kaskazini, lililoshikwa na upande wa Uingereza, halikuchelewa. Mwaka 1922 lilifuta namba katika chaguzi za halmashauri, na mipaka ya maeneo ya uchaguzi ikachorwa upya.

Derry ilikuja kugawanywa kata tatu. Tazama hesabu za mwaka 1967, zilizochapishwa baadaye na tume ya uchunguzi ya Jaji Cameron. Kata ya Kusini ilirundikiwa wapiga kura Wakatoliki 10,047 na wengine 1,138, ikapewa viti 8. Kata ya Kaskazini ilikuwa na Wakatoliki 2,530 na wengine 3,946, nayo ikapewa viti 8. Kata ya Waterside ilikuwa na Wakatoliki 1,852 na wengine 3,697, ikapewa viti 4. Ukijumlisha, Wakatoliki walikuwa 14,429 na wengine 8,781. Viti je? Upande wa walio wachache ulichukua 12, upande wa walio wengi ukaambulia 8. Hakuna aliyehitaji kuiba sanduku hata moja. Wizi wote ulimalizwa kwenye ramani, miaka mingi kabla ya siku ya kupiga kura.

Na hata hao wapiga kura hawakuwa watu wazima wote. Kura ya halmashauri ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji wa nyumba nzima, pamoja na mwenzi wake. Kijana wa miaka 30 anayeishi kwa wazazi hakuwa nayo, wala aliyepanga chumba. Wakati huohuo, kampuni ziliweza kuteua watu hadi sita wa kuzipigia kura. Nyumba za kupangisha zilikuwa mikononi mwa halmashauri hizohizo, kwa hiyo kumpa mtu nyumba kulikuwa pia kumpa kura, ya kwake na ya mwenzi wake. Diwani aliyetaka kubaki madarakani alijua vizuri ni nani asimpe ufunguo.

Hasira ililipukia hapo. Juni 1968, mbunge Austin Currie aliingia kwa nguvu katika nyumba ya halmashauri kijijini Caledon. Alikuwa anapinga nyumba hiyo kupewa msichana Mprotestanti wa miaka 19 asiye na mume, wakati familia za Kikatoliki zenye watoto zikisubiri. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo waandamanaji wa haki za kiraia walipigwa virungu na polisi mjini Derry mbele ya kamera za televisheni. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo la mtu mmoja kura moja, katika halmashauri. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba baraza la mji wa Derry litavunjwa. Mwaka 1969 watu wazima wote wakapewa kura ya halmashauri, na mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kuhamishia ugawaji wa nyumba kwa chombo maalumu. Lakini moto ulikuwa umeshawaka. Vita vilivyofuata vilidumu karibu miaka 30 na kuua watu zaidi ya 3,500.

London ilichukua utawala wa moja kwa moja mwaka 1972. Tarehe 30 Mei 1973 halmashauri mpya 26 zilichaguliwa, na namba zikarudi kwenye karatasi ya kura.

Namba inazuiaje wizi wa ramani? Tuseme eneo lina viti 6 na kura halali 8,400. Unagawa kwa viti kujumlisha moja, yaani 7, unapata 1,200, unaongeza moja. Kiwango cha kushinda ni 1,201, na hakuna namna watu saba wanaweza kukifikia. Mgombea wa kwanza amepata 1,501. Ameshapita, ana ziada ya 300. Karatasi zake zinafunguliwa tena kuangalia namba 2: mpiga kura mmoja hakuendelea, 1,500 waliendelea. Kila karatasi kati ya hizo inahama ikiwa na thamani ya 0.20 ya kura. Kama 600 zinamtaja mgombea fulani, anaongezewa kura 120. Ziada zikiisha, wa mwisho kabisa anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa walioandikwa baada yake. Kazi hii hufanywa kwa mkono, mbele ya mawakala wa vyama, na huchukua siku mbili. Ukiwarundika wapinzani wako eneo moja watajaza viti vingi zaidi hapohapo, na ukiwatawanya watafikisha kiwango kimoja kimoja huku na huko. Ramani imepoteza meno yake mengi.

Kwa maoni yangu kubwa zaidi ni namba za chini. Kura ya mtu huanza kwa chama chake, ikazunguka ndani ya kambi yake, lakini safari haiishii hapo lazima. Chama cha Alliance, kisichojihesabu upande wowote, huokota namba 3 na 4 kutoka pande zote mbili. Katika uchaguzi wa Mei 2023, kwenye viti 462 vya halmashauri 11 za sasa, Sinn Féin, wanaotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, walipata 144, DUP, wanaotaka kubaki Uingereza, 122, na Alliance 67. Mgombea anayetukana jirani hadharani anajua anazifukuza namba ambazo huenda angezihitaji jioni ya siku ya pili ya kuhesabu.

Namba hazikuponya mgawanyiko, na asikudanganye mtu. Desemba 2012 madiwani wa Belfast walipiga kura 29 kwa 21 kupunguza siku za kupandisha bendera ya Uingereza kwenye jengo la jiji, kutoka mwaka mzima hadi siku maalumu. Yalikuwa maafikiano yaliyopendekezwa na Alliance, na ofisi za chama hicho zilishambuliwa. Maandamano yakaendelea kwa miezi.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2014 iliongeza ulinzi mwingine baada ya kura kuhesabiwa. Nafasi za umeya na uenyekiti wa kamati hugawanywa kwa fomula kulingana na viti, kwa hiyo chama kikubwa hakiwezi kuzibeba zote. Madiwani wanaoona uamuzi utaliumiza isivyo haki kundi fulani la wakazi wanaweza kudai ufikiriwe upya. Mwanasheria akithibitisha kwamba hoja yao ina msingi, uamuzi huo unahitaji asilimia 80 ya kura za waliohudhuria. Dai lenyewe linahitaji asilimia 15 tu ya madiwani, na Belfast, yenye madiwani 60, saini tisa zinatosha.