Herufi "a", kidole kidogo na kibodi ya kishikwambi

Mfasiri anayeandika Kiswahili kutwa nzima hukitumikisha mno kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ingawa ni dhaifu. Mpangilio wa herufi tuliourithi ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1870 na Christopher Latham Sholes na wenzake, kwa ajili ya mashine za kuchapa Kiingereza, nao umeiweka herufi "a" chini ya kidole hicho. Katika sentensi ya kawaida kama "Wakulima wa kahawa wanaanza kuvuna", herufi 11 kati ya 30 ni "a". Hapa Arusha, ambako mikutano ya kikanda hutupa wafasiri kazi nyingi, nimekuwa nikiwatengenezea wenzangu kibodi za kimakanika, na malalamiko yao mara nyingi huanzia kwenye kidole hicho.

Kibodi ya namna hii inatibika kwa sababu kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Swichi nyeusi ya Cherry MX huhitaji nguvu ya takribani gramu 60, ilhali nyekundu hutosheka na 45 hivi. Zote mbili hushuka milimita 4 na kuandika zinapofika milimita 2, kwa hiyo mwandishi anayebadilishiwa moja haoni tofauti nyingine ila wepesi. Dada mmoja wa Njiro aliniletea kibodi yenye swichi nyeusi tupu, nami nikaibadilisha ya "a" peke yake. Sipendi kushuka chini ya gramu 45 mahali hapo, kwani kidole kilichotulia tu huanza kuandika "a" ambazo hakuna aliyezikusudia.

Ikiwa kibodi yako inaruhusu swichi kuchomolewa bila kulehemu, ing'oe kwa kibanio chake, kisha hakikisha miguu miwili ya shaba ya swichi mpya imenyooka kabla ya kuikandamiza, maana mguu uliopinda ndio chanzo cha kawaida cha kitufe kinachoonekana kimekufa. Swichi nyingine zina vijiguu viwili zaidi vya plastiki. Bodi isipokuwa na matundu yake, vijiguu hivyo hukatwa tu.

Wengi wetu sasa tunaandikia kwenye kishikwambi, kwa kuwa umeme ukikatika kazi haisimami. Hapo ndipo ninaposisitiza kibodi inayotumia QMK, yaani programu inayoendesha kibodi kutoka ndani yake, ikiwezekana yenye VIA, programu ya kompyuta ya kupangia vitufe, kwa sababu mabadiliko ya vitufe huhifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe: unayapanga mara moja kwenye kompyuta, kisha yanakufuata hata kwenye iPad, ambayo mipangilio yake hukuruhusu kuhamisha vitufe vichache tu, kama Caps Lock na Control. Taa za kibodi zizimwe, kwani baadhi ya vishikwambi hukataa kifaa kinachovuta umeme mwingi kupitia waya.

Badiliko ninalolipenda kuliko yote ni la "ng'". Nashika Alt ya kulia kwa kidole gumba, nabonyeza "n", na herufi zote tatu zinatokea pamoja. Niliwahi kufikiria kukifanya kitufe cha "c" kiandike "ch", kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina "c" inayosimama peke yake, lakini majina ya kigeni na amri ya kunakili vinaihitaji, nikaacha; "q" na "x" nazo nimeziacha mahali pake kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye iPad, zima pia uakifishaji wa kiotomatiki katika mipangilio ya kibodi. Ukiuacha, alama ya ritifaa hupindwa, na "ng'ombe" uliyoiandika kwenye kishikwambi inaweza kuhesabiwa kuwa neno tofauti na "ng'ombe" iliyoandikwa kwenye kompyuta, hata utafutaji wa istilahi katika faili refu ukairuka. Nimewahi kurudia kurasa nyingi kwa mkono kwa sababu ya alama hiyo moja, na tangu hapo naikagua kabla ya kuanza faili lolote.