Macho yanachuruzika, halafu yaitwe makavu?

Dereva wa bodaboda anafuta machozi kwa mkono wa jaketi tangu asubuhi. Mwambie ana ukavu wa macho, atakucheka: makavu vipi na yanachuruzika hivi? Wengi tunafikiri kama yeye, na tunakosea.

Chozi si maji matupu. Juu yake hutandazwa mafuta mepesi yanayotoka kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga kwenye kingo za kope. Mafuta hayo yakiganda, maji hukauka upesi, jicho huwasha kama lina mchanga, na mwili hujibu kwa kumwaga machozi ya dharura. Machozi haya hayatulii juu ya jicho, hasa juani na upepeni. Yanateremka shavuni na jicho linabaki na shida yake. Simu nayo ina lawama: kwa kawaida tunapepesa mara 15 hivi kwa dakika, lakini tukikodolea kioo idadi hushuka sana. Umri, kukoma hedhi na baadhi ya dawa za mzio huchangia pia.

Kinachosaidia ni kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa, dakika 5 hadi 10, kisha kukanda kope taratibu. Ongeza machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha jicho. Yale matone ya kuondoa wekundu siyapendi kabisa: hubana mishipa ya damu, na ukiyaacha wekundu hurudi kwa kishindo. Matone ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, bila daktari ni hatari zaidi, maana yanaweza kukuletea presha ya macho.