Disrefleksia: presha inayopandishwa na mpira wa mkojo uliojikunja

Kijana aliangushwa na bodaboda, akavunjika shingo. Miezi minne baadaye yuko nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Saa kumi jioni kichwa kinaanza kumgonga kama nyundo. Uso unamwaka moto, jasho linamtiririka kwenye paji, pua imeziba, lakini miguu ni ya baridi na malaika yamemsimama. Mama anamlaza chali, anampa Panadol mbili, anamfunika shuka. Yote ni ya huruma, ila hilo la kumlaza ndilo baya kuliko yote.

Madaktari huiita hali hii disrefleksia ya otonomia. Jina gumu, na mgonjwa mwenyewe atakwambia tu kwamba presha imepanda. Ni kweli imepanda, ila si presha ile ya wazee wetu ya kumeza kidonge kila asubuhi.

Uti wa mgongo ndio njia kuu ya habari kati ya ubongo na mwili. Haubebi hisia na mwendo peke yake; hupitisha pia amri za mambo tusiyoyafikiria, kama jasho na upana wa mishipa ya damu. Sasa kibofu kimejaa. Habari inapanda hadi penye jeraha, inakwama, na mgonjwa hahisi mkojo. Lakini uti ulio chini ya jeraha bado u hai, nao unajibu wenyewe bila kungoja ubongo: unabana mishipa ya damu ya tumboni na miguuni. Presha inapaa. Neva zinazopima presha shingoni na kifuani zinaushtua ubongo, ubongo unaagiza mishipa ilegee, na amri hiyo inaishia palepale penye jeraha. Juu ya jeraha tu ndiko inakotii, ndiyo sababu ya uso kuwaka. Moyo nao huweza kupunguza kasi, maana neva inayoutuliza haipitii kwenye uti. Kwa hiyo usishangae kukuta presha iko juu na mapigo ni ya polepole.

Haimpati kila aliyeumia mgongo. Huwapata hasa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, yaani ambao hisia zao zimekomea usawa wa chembe cha moyo au juu yake. Aliyevunjika kiunoni kwa kawaida hana hofu nayo.

Kibofu ndicho mchokozi mkubwa kuliko wote. Watafiti Ludwig Guttmann na David Whitteridge waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1947 huko Uingereza. Guttmann ndiye yuleyule aliyeanzisha michezo ya Stoke Mandeville iliyozaa Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, na ajabu ni kwamba baadaye wako wanariadha waliojichokoza makusudi, hata kwa kuziba mpira wa mkojo, ule unaotoa mkojo kibofuni, ili presha iwape nguvu. Imepigwa marufuku, kwa kuwa presha hiyo inaweza kupasua mshipa kichwani.

Baada ya kibofu hufuata choo kigumu, kidonda cha kulalia, ukucha ulioingia nyamani, hata mkanda uliobana.

Kwa hiyo mkalishe wima, miguu ining'inie, damu ishuke. Legeza mkanda, viatu na soksi. Kisha fuata mpira wa mkojo kwa mkono kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko: mara nyingi umelaliwa na paja au umejikunja, na ukiunyoosha mkojo unashuka na kichwa kinatulia. Ukiwa umeziba ubadilishwe upesi. Kibofu kisikandamizwe. Presha ipimwe kila baada ya dakika chache, na isiposhuka ni hospitali mara moja.

Hospitalini nako kuna mtego. Namba ya juu ya presha ya mtu huyu siku zote huwa 90 hadi 110. Nesi akikuta 145 anaweza kuona si mbaya sana, kumbe ongezeko la 20 hadi 40 juu ya kawaida yake linatosha kuwa hatari. Daktari akitaka kutoa naitreti, dawa ya kulegeza mishipa, aambiwe kama mgonjwa ametumia Viagra karibuni, maana zikikutana presha huweza kuanguka vibaya. Hapo si pa kuona haya. Na mwanamke mwenye jeraha la juu akipandwa na presha akiwa kwenye uchungu, ni rahisi kudhaniwa ana kifafa cha mimba.

Dawa ya kuepuka mabishano saa ya kichwa kuuma ni karatasi ndogo mfukoni mwa kiti: jeraha liko pingili ya ngapi, presha yake ya kila siku ni ngapi, na neno disrefleksia limeandikwa kwa herufi kubwa.