Dola za fedha zenye uso wa kioo: dhana potofu na ukweli

Chukua dola ya Morgan, sarafu ya kale ya fedha ya Marekani, ya mwaka 1880 iliyopigwa kwenye karakana ya San Francisco, uiinamishe chini ya taa. Zipo ambazo sehemu tupu mbele ya uso wa yule mwanamke, mfano wa Uhuru, hukuonyesha ncha ya kidole chako mwenyewe. Ni nzuri mno, na makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Ikiwa ina kioo, ni prufu, yaani sarafu ya maonyesho.

Hapana. Prufu zilitengenezwa kwa makusudi kwa ajili ya wakusanyaji, karibu zote Philadelphia, kwa vipande vya fedha vilivyosuguliwa na kugandamizwa kwa nguvu zaidi. Hizi nyingine zenye kioo zilikuwa pesa za kawaida, zikamiminwa kwenye magunia ya dola 1,000. Kioo chake kilitoka kwenye muhuri wa chuma uliokuwa umesuguliwa karibuni. Sarafu za mwanzo zilibeba uso wa muhuri huo. Kadiri ulivyoendelea kupiga, chuma kilichakaa na kioo kikafifia. Ndiyo maana sarafu mbili za mwaka mmoja, tena za karakana moja, hazifanani. Tazama ukingo: wa prufu umesimama wima na pembe zake ni kali. Tazama na nywele juu ya sikio: kwenye prufu zimejitokeza wazi, lakini kwenye dola nyingi zilizopigwa New Orleans zimelala bapa.

Dhana: Ukiisugua, kioo kinarudi.

Nawasihi, msiisugue! Si kwa majivu na limau, si kwa dawa ya meno, wala kwa kitambaa laini. Kioo cha kweli kiligandamizwa ndani ya fedha siku sarafu ilipopigwa, ukisugua, unakikwangua. Sarafu iliyosuguliwa hujisema yenyewe: inametameta kila mahali, hata shavuni na kwenye nywele, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Kwenye nzuri ya asili, mara nyingi sura huwa nyeupe kama theluji na kioo hubaki pembeni yake. Thamani iliyopotea kwa kusugua hairudi.

Dhana: Upande mmoja ukiwa na kioo, inatosha.

Wapimaji wa ubora wa sarafu hutaka pande zote mbili ziwe na kioo. Simamisha sarafu mbele ya maandishi yaliyochapishwa, kisha uyasogeze mbali polepole. Yakisomeka ndani ya sarafu kwa umbali wa sentimita 5 hadi 10, ina kioo. Yakisomeka kwa 15 na zaidi, kioo chake ni kirefu, yaani chenye kina.

Dhana: Kwa kuwa ni za kale, zote ni adimu.

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ziliyeyushwa dola zaidi ya milioni 270, lakini magunia mengi yalibaki kwenye hazina ya Marekani hadi miaka ya 1960. Kwa hiyo za San Francisco za 1880 na 1881 zenye kioo bado zinapatikana. Za 1921 zilipigwa kwa wingi kuliko za mwaka mwingine wowote, na bado kuipata moja yenye kioo kirefu ni kazi ya kutafuta hasa.