Puchka si Pani Puri Iliyobadilishwa Jina

Juma lililopita nilisimama na mgeni kutoka Dar es Salaam mbele ya mchuuzi mmoja wa vitafunio hapa Kolkata, mashariki mwa India. Alipokwisha kumeza puchka yake ya kwanza aliniambia kwa furaha: "Kumbe ni ile ile pani puri ya Mumbai, dada, wamebadilisha jina tu." Kauli hiyo nimeisikia kwa wapishi, kwa watu wanaoandika menyu za hoteli, na hata kwa wazaliwa wa India. Kwa kuwa nilifanya kazi ya vitafunio vya mtaani Mumbai kwa miaka sita kabla ya kuhamia huku, siwezi tena kuiacha ipite.

Umbo ni moja, nakubali: kimkate kikavu kilichofura, kiitwacho puri, hutobolewa kwa kidole gumba, hutiwa viungo, huchovywa katika maji makali, na huliwa kizima kabla hakijalainika. Ufanano unaishia hapo.

Puri ya Mumbai aghalabu hutengenezwa kwa suji, yaani semolina ya ngano, kwa hiyo huwa nyeupe kiasi na ngumu. Ndani yake hutiwa ragda, yaani njegere nyeupe kavu zilizopikwa hadi zikarojeka, ambayo hukaa motoni muda wote, au choroko zilizoota. Maji yake ni ya nanaa, kotimiri na pilipili mbichi, na pembeni kuna chatne tamu ya tende na ukwaju. Mteja anaposema anataka tamu au kali, anaamua uwiano wa vitu hivyo viwili. Ladha yote imejengwa juu ya mvutano wa ragda ya moto na maji baridi, wa utamu na ukali.

Puchka ni kubwa na ya rangi ya kahawia zaidi, kwa sababu kawaida hutumia unga wa ngano usiokobolewa. Ndani yake hakuna ragda. Kuna viazi vilivyopondwa kwa mkono pamoja na dengu nyeusi zilizochemshwa, pilipili mbichi, chumvi nyeusi, na bizari zilizokaangwa kavu kisha zikasagwa. Maji yake ni ya ukwaju, na mchuuzi anayejiheshimu huyatia ndimu ya gondhoraj, ambayo harufu yake humfikia mteja kabla ya kibakuli. Wiki yangu ya kwanza hapa niliomba chatne tamu. Mchuuzi aliacha kuponda viazi, akanitazama, akasema, "Didi (dada), puchka haitiwi utamu." Alikuwa sahihi, nami nilichukua miezi kadhaa kuelewa kwa nini.

Sababu ni kwamba Mumbai mzigo wa ladha hubebwa na maji, ilhali Kolkata hubebwa na viazi. Ragda yenyewe imepooza kwa makusudi, na bila chatne na maji haina la kusema. Viazi vya puchka, kinyume chake, huungwa mbele ya mteja, ambaye huonja na kuagiza pilipili iongezwe, na maji ya ukwaju huingizwa humo humo katika viazi kabla ya puri kujazwa. Nilijaribu kuchanganya mifumo hiyo miwili nyumbani. Ragda ndani ya maji ya ukwaju ilitoa uchachu usio na pa kuegemea, na viazi vya Kolkata vilipotiwa chatne ya tende, ile harufu ya bizari niliyoihangaikia ilizama kabisa. Anayedai ni kitu kimoja ajaribu mwenyewe kubadilishana vijazo.

Golgappa, ndugu yake wa Delhi, nayo ina viazi na dengu, lakini maji yake hupata uchachu wa embe mbichi lililokaushwa na kusagwa. Lucknow huitwa batashe, na wapo wachuuzi wanaopanga maji ya ladha tano tofauti. Odisha ni gupchup.

Kosa hilo hilo hufanywa kwa bisi za mchele: bhel ya Mumbai hufungwa na chatne tamu, ilhali jhalmuri ya hapa hufungwa na mafuta mabichi ya haradali, yanayopanda puani. Msomaji wa pwani asishangae sana, kwa maana kachori anayoijua Dar au Zanzibar ni donge la kiazi lililochovywa katika uji wa unga na kukaangwa, na akiomba kachori Jaipur atapewa andazi lenye tabaka linalovunjika, lililojazwa dengu au vitunguu. Kiazi chake alichokizoea atakikuta Mumbai, ndani ya vada pav, mkate uliotiwa donge la kiazi la kukaanga.

Yapo mambo yanayonisumbua katika maelezo yangu mwenyewe. Wachuuzi wengi wa puchka hapa Kolkata wametoka jimbo jirani la Bihar, na ninapoita chakula hiki cha Kibengali, yaani cha wenyeji wa hapa, huhisi kwamba ninawanyima haki yao wale ambao mikono yao hukiponda kila jioni. Tena, mikokoteni miwili ya mtaa mmoja huweza kutofautiana kuliko miji miwili, na mpaka niliouchora hapa juu hupindika. Hata puri zenyewe hazinitii: kutoka donge moja lililofunikwa kitambaa kibichi nusu saa, lililosukumwa jembamba na kukaangwa katika mafuta yale yale, daima zipo zinazokataa kufura, nami huziweka kando kwa ajili ya sev puri, kitafunio kinachotumia puri bapa.

Mgeni wangu alipomaliza ya sita alirudisha kibakuli chake cha majani ya mti wa sal, na mchuuzi akamwekea moja ya mwisho, kavu, yenye viazi bila maji, isiyolipiwa. Hapa huiita phau. Mumbai pia hutolewa, kwa jina la sukha puri, na huko pia mteja husubiri apewe kabla ya kuondoka.