Shule za Marekani Haziendeshwi na Washington
Wengi hudhani kwamba anayetaka kurekebisha shule za umma za Marekani aanze na Wizara ya Elimu iliyoko Washington. Dhana hiyo inaeleweka kwa aliyezoea mtaala mmoja wa taifa, lakini wizara hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, imekatazwa kisheria kuamua mtaala, na fedha za serikali kuu kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu ya mapato ya shule. Zilizobaki hutoka kwenye majimbo na kwenye kodi ya majengo inayotozwa na wilaya za shule, yaani mamlaka za mitaa zinazoendesha shule, na hapo ndipo penye kidonda.

Katika kesi ya fedha za shule za San Antonio, mji wa jimbo la Texas, iliyoamuliwa mwaka 1973, ilidhihirika kwamba wilaya maskini ya Edgewood, ingawa ilitoza kodi kwa kiwango cha juu zaidi, ilipata dola 356 kwa mwanafunzi mmoja, ilhali jirani yake tajiri, Alamo Heights, ilipata 594. Mahakama ya Juu ya Marekani iliona kuwa tofauti hiyo haivunji Katiba; uamuzi ambao mwalimu yeyote angeuona mchungu. Nafuu ilipatikana mwaka 1989, katika mahakama ya juu ya jimbo lenyewe la Texas.