Sindano ya muda mrefu ya saikosisi, na janga linavyoivuruga

Sindano ya muda mrefu ni dawa ya saikosisi (hali ya akili kuachana na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) inayochomwa kwenye msuli, begani au takoni, na kuendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Flufenazini na haloperidoli za aina hii zimechanganywa na mafuta ya ufuta. Mafuta hayo hukaa msulini kama akiba, mwili ukachota humo kidogo kidogo. Muuguzi anayeivuta huisikia mkononi: ni nzito, haina haraka ya kupanda kwenye bomba. Paliperidoni ni tofauti. Hiyo ni chembe ndogo mno ndani ya maji, ndiyo maana bomba lake hutikiswa kwa nguvu kabla ya kuchoma.

Wanaoandikiwa zaidi ni wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaoleta saikosisi, hasa wale ambao kumeza vidonge kila siku kumewashinda. Faida yake kubwa hata si dawa yenyewe. Asiyemeza vidonge anaweza kupitisha mwezi bila mtu kujua, lakini asiyefika kuchomwa sindano anajulikana siku hiyo hiyo.

Faida hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa mzigo baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, Machi 11, 2020, kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Vidonge unaweza kumpa mtu vya miezi miwili akaondoka navyo. Sindano inataka mkono wa mtu, na hakuna anayeweza kuchoma akiwa amesimama mbali. Kliniki zikapunguza siku, wauguzi wakahamishiwa wodi za wagonjwa wa korona, na wagonjwa wengine wakaogopa kutoka nyumbani.

Daktari akabaki na maamuzi magumu. Kumrudisha mgonjwa kwenye vidonge kunaonekana rahisi, ila mimi naona ndiyo njia ya kutumia mwisho kabisa: wengi wao walipewa sindano kwa sababu vidonge vilishindikana. Afadhali kuongeza nafasi kati ya sindano na sindano, dawa ikiruhusu. Paliperidoni ipo ya kila mwezi na ipo ya kila miezi mitatu, na mwaka 2021 Marekani iliidhinisha ya miezi sita. Lakini huwezi kuruka tu. Ya miezi mitatu hupewa mtu aliyekwisha kutulia kwenye ile ya kila mwezi kwa angalau miezi minne, kwa hiyo mgonjwa mpya janga linamkuta bado hajafika huko. Yeye anatakiwa achomwe siku ya kwanza, arudi tena wiki moja baadaye, wakati kila mtu anaambiwa asitoke.

Olanzapini ya sindano ndiyo yenye taabu kuliko zote. Mara chache dawa hiyo huingia kwenye damu kwa kasi isiyotarajiwa, mtu akalemewa na usingizi au akachanganyikiwa. Kwa sababu hiyo kila anayechomwa hubaki chini ya uangalizi kwa saa tatu. Saa tatu ndani ya chumba kimoja, wakati wa ugonjwa unaoenea kwa hewa!

Linalonitia hofu zaidi ni ule utulivu unaofuata sindano iliyorukwa. Haloperidoli ya sindano hupungua nusu kwa kama wiki tatu. Wiki sita baada ya sindano ya mwisho bado kuna kama robo mwilini, na mgonjwa anaendelea vizuri. Huenda hata akajisikia mwepesi zaidi, kwa kuwa madhara ya dawa, yaani kukakamaa kwa viungo na kutetemeka, yamepungua. Familia inasema, si mnaona, hakuihitaji. Sauti zinaporudi miezi kadhaa baadaye, hakuna anayekumbuka tena ile sindano ya siku kliniki ilipofungwa.

Na je, mwenye sindano mwilini akiambukizwa? Kidonge husimamishwa leo na kesho kimeanza kupungua, ila kilichokwisha kuingia msulini hakitolewi. Ritonavir, iliyomo katika mojawapo ya tiba za vidonge za UVIKO-19, huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya hizi za saikosisi, na kiwango cha dawa hizo kwenye damu kikapanda. Kisha kuna homa. Homa kali pamoja na misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa inaweza kuwa ni madhara ya nadra lakini ya hatari ya dawa yenyewe, na katikati ya janga ni rahisi kila homa kuhesabiwa kuwa ni korona. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa hospitali aende na kadi yake ya kliniki, na aseme mapema, kabla hajaulizwa: jina la dawa, kipimo, na tarehe aliyochomwa mara ya mwisho.